Kamasi ya mtoto imegeuka kijani: nimpandishie antibiotiki?

SWALI: Docta, jambo. Niko mama wa hapa Kadutu. Mtoto wangu wa miaka minne ameshikwa na mafua na kikohozi, leo ni siku ya tano. Homa alikuwa nayo siku mbili za mwanzo, ikaisha. Anakula kidogo kidogo, anacheza, lakini kamasi imegeuka kijani na usiku anakohoa sana. Farmasi ya karibu na nyumbani walinipa amoksisilini, vidonge sita vya kufungua, nikawa namchanganyia nusu kwenye maji ya sukari. Havikusaidia kitu. Jirani ananishauri nimpe sipro, ama nimpeleke achomwe sindano ya seftriaksoni. Kati ya hizo mbili, yenye nguvu zaidi ni ipi?

JIBU: Mama, usimpe hata moja. Na mimi si docta, ni mfamasia, ingawa hapa Bukavu kila anayesimama nyuma ya meza ya dawa huitwa docta, na hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia.

Kwanza fanya hili leo. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, shika simu yako, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika halafu ukazidisha. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi ni za haraka mno. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni kuanzia 50, na kwa kichanga wa chini ya miezi 2 ni kuanzia 60. Tazama pia chini ya mbavu. Ikiwa hapo panazama ndani kila anapovuta hewa, ama anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea hata kuamka ni shida, mbebe muende kituo cha afya saa hiyohiyo. Homa ikirudi, apimwe malaria, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na malaria na mafua kwa wakati mmoja. Kama hayo yote hayapo, basi kwa jinsi ulivyoeleza hayo ni mafua, na mafua ya siku ya tano yako hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye rangi, maana rangi ndiyo inayonichosha. Watu wananiletea kitambaa cha kamasi hadi dirishani, wanakikunjua mbele yangu kama ushahidi wa mahakamani: angalia, kijani, sasa nipe antibiotiki. Kamasi haiwi kijani kwa sababu bakteria wameingia. Mwili unapopambana na virusi hutuma chembe nyeupe za damu puani kwa wingi. Chembe hizo zina kimeng'enya chenye madini ya chuma, na kimeng'enya hicho chenyewe kina rangi ya kijani. Zikifa na kurundikana, kamasi inakuwa nzito, ya manjano, kisha ya kijani. Siku mbili za kwanza inatiririka kama maji, kati ya siku ya tatu na ya sita inageuka rangi, halafu inapungua na kukauka. Ndiyo safari yake ya kawaida, hata kwa mtoto ambaye hakumeza kidonge chochote.

Kinachoufanya uongo huu usife ni kalenda. Mzazi anavumilia siku tatu. Siku ya nne anaona kijani, anaogopa, ananunua. Siku ya saba au ya nane mtoto anapona, kama ambavyo angepona bila dawa, na sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Mwezi mwingine mafua yakirudi (na yatarudi, mtoto mdogo anaweza kuyapata mara sita hadi nane kwa mwaka), mzazi anakimbilia kidonge kilekile. Usipomuuzia, wewe ndiye huna huruma, na duka linalofuata litamuuzia.

Mafua yanaletwa na virusi. Amoksisilini inaua bakteria. Kuitumia kwa mafua ni kwenda kuvua sambaza ziwani kwa mtego wa panya. Ukiongeza ukubwa wa mtego, sambaza hawakujali. Kwa hiyo swali la nguvu halina jibu. Hata mtoto wako angekuwa na nimonia kweli, sipro ingekuwa chaguo baya, kwa kuwa ni dhaifu mbele ya pneumokoki, bakteria wanaoongoza kwa kuleta nimonia ya watoto. Dawa ya kwanza ya nimonia isiyo kali ni hiyohiyo amoksisilini, lakini kwa dozi inayopimwa kwa kilo za mtoto, asubuhi na jioni, kwa siku ambazo muuguzi amekuandikia. Nusu kidonge kwa kukisia, kwa siku tatu, haitibu nimonia, na kwa mafua haikuhitajika. Kilichobaki kwenye kabati usimwekee mdogo wake.

Nyumbani fanya machache. Mpe vinywaji vya vuguvugu na chakula anachokipenda. Chemsha kikombe cha maji, tia nusu kijiko kidogo cha chumvi, yapoe, umdondoshee matone puani kabla ya kulala. Kijiko kidogo cha asali usiku kinatuliza kikohozi vizuri kuliko siro nyingi ninazouza, mradi iwe asali ya kweli na mtoto awe amepita mwaka mmoja. Chini ya hapo asali ni hatari. Parasetamoli ni ya homa au maumivu tu: mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 150 hadi 225 kwa mara moja, na isizidi mara nne kwa siku. Aspirini hapana. Kumfunika juu ya sufuria ya majani ya mikalitusi pia hapana, maji yanamwagika na ngozi inaungua. Na mbabula, lile jiko la makaa, itoke nje ya chumba anacholala, hata usiku wa mvua na baridi. Moshi wa makala unamkohoza, na hewa yake katika chumba kilichofungwa inaua watu usingizini. Kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki tatu kikipungua polepole. Lakini kikipita wiki mbili bila kupungua, ama mtoto anakonda, ama mtu mwingine nyumbani anakohoa vivyo hivyo, apimwe kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Wewe angalau ulipewa dawa yenye jina. Wengine wanatoka sokoni na kipakiti cha plastiki chenye vidonge vinne vya rangi mbalimbali, "vya mafua na uchovu". Nimevifungua mara nyingi. Mara nyingi humo kuna antibiotiki, parasetamoli, prometazini ya kulaza, na kile kidogo kuliko vyote, deksametazoni. Hicho kidogo ndicho kinachomjengea muuzaji jina. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi, mgonjwa anaamka akicheka. Ndicho kilekile ambacho wasichana wanameza ili wanone. Kinafanya hivyo kwa kuulaza ulinzi wa mwili: nimonia inaendelea chini kwa chini bila homa ya kuitangaza, kifua kikuu kilicholala kinaamka, sukari ya mwenye kisukari inapanda. Na prometazini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili inaweza kumzimisha pumzi.

Antibiotiki iliyomo kwenye hivyo vipakiti, dozi moja leo na moja Ijumaa, inawafundisha bakteria wa mtaa mzima kuizoea. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Mama aliyepasuliwa kwa uzazi na kidonda kikaoza ananunua dawa katika mji huuhuu, na anahitaji ile seftriaksoni unayoshauriwa kuichoma kwa ajili ya kamasi.

Ukienda kununua dawa yoyote, mwombe muuzaji akuandikie kwenye karatasi jina la kila kidonge, miligramu na idadi ya siku. Akikasirika au akikuambia jina halina maana, mrudishie kipakiti na uchukue pesa yako.