Mama apata kizunguzungu kwenye kifaa cha pumzi

SWALI: Mama anasubiri kupandikizwa mapafu. Amepewa kifaa chenye springi cha kuvutia pumzi, ila kila akifika pumzi ya kumi kichwa kinamzunguka. Aache?

JIBU: Mara nyingi kosa ni haraka. Akipumua mbiombio anatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, ndipo kizunguzungu huja. Akae wima, mabega yatulie, midomo ibane mdomo wa kifaa hewa isivuje. Avute kwa nguvu mpaka vali (kilango cha hewa ndani ya kifaa) ifunguke, kisha atoe pumzi taratibu, asianze nyingine upesi. Pumzi kumi, apumzike dakika moja, kumi tena, hadi 30, asubuhi na jioni.

Uzito wa springi huanzia karibu asilimia 30 ya nguvu ya juu ya mama ya kuvuta pumzi: akipimwa sentimita 60 za maji (kipimo cha shinikizo, cmH2O), kifaa kiwekwe 18. Aongezewe na mtaalamu wa fiziotherapia baada ya kumpima upya, si nyinyi nyumbani. (Kile cha vipira vinavyopanda ni kitu kingine, hakina uzito wa kupangwa.)

Kama anatumia oksijeni, asiivue. Maumivu ya ghafla ya kifua au pumzi kukatika: aache na aende hospitali mara moja, huenda pafu limevuja hewa.