Kwa nini −7 + (−5) si 12: kujumlisha namba chanya na namba hasi

Swali: Mwalimu, binti yangu ana umri wa miaka 12 na ameanza kusoma namba kamili, yaani namba chanya, namba hasi na sifuri. Katika zoezi lake la juzi aliandika kwamba −7 + (−5) = 12 na kwamba −8 + 3 = −11. Nilipomuuliza sababu ya jibu la kwanza, alinijibu kwa kujiamini kabisa kwamba "hasi na hasi ni chanya". Jibu la pili hakuweza kulieleza. Mimi majibu sahihi nayajua, ila nashindwa kumwonyesha kwa nini yako hivyo. Nianzie wapi?

Jibu: Mzazi mwenzangu, makosa hayo mawili yana chanzo tofauti, kwa hiyo usiyasahihishe kwa maelezo mamoja.

Kosa la kwanza limetokana na kanuni ya kuzidisha iliyohamishiwa mahali pasipo pake. Ni kweli kwamba −7 × (−5) = 35, lakini kanuni hiyo haihusu kujumlisha hata kidogo. Ubaya wa maneno "hasi na hasi ni chanya" ni kwamba hayataji tendo lolote la hisabati. Mwanafunzi huyakariri, kisha huyatumia popote anapoona alama mbili za hasi zimekaribiana. Ningekushauri mkubaliane kwamba maneno hayo hayatumiki tena, na mahali pake aseme kwa ukamilifu, "hasi mara hasi ni chanya". Katika kosa la pili hakuna kanuni iliyotumika vibaya. Amejumlisha 8 na 3 kama alivyozoea tangu akiwa mdogo, kisha akabandika alama ya namba iliyotangulia.

Kabla ya kanuni yoyote, hakikisha anatambua kwamba alama ya − hufanya kazi mbili. Katika 9 − 4 inaagiza tendo la kutoa, ilhali katika −4 inaeleza kwamba namba hiyo iko upande wa kushoto wa sifuri. Ndiyo maana tunaweka mabano tunapoandika −7 + (−5): mabano hayo hayabadilishi thamani ya namba, bali hutenganisha alama ya tendo na alama ya namba. Mwambie asome kwa sauti "hasi saba kujumlisha hasi tano", wala asiseme "toa saba jumlisha toa tano", kwa sababu mtoto anayeviita vitu viwili kwa jina moja hupata shida kuvitofautisha anapokokotoa.

Sasa kuhusu kwa nini −7 + (−5) ni −12. Mwandikie mfululizo huu, kila hesabu kwenye mstari wake, umwachie atafute majibu mwenyewe kuanzia juu:

−7 + 2 = −5
−7 + 1 = −6
−7 + 0 = −7
−7 + (−1) = ?
−7 + (−2) = ?

Mistari miwili ya kwanza ataipata kwa kuhesabu hatua kwenye mstari wa namba, na wa tatu hauna ubishi. Namba inayojumlishwa inapungua kwa 1 kila anaposhuka mstari, na jibu nalo linapungua kwa 1. Hakuna sababu ya mwendo huo kugeuka ghafla unapovuka sifuri, kwa hiyo majibu yanayofuata ni −8 na −9, na akiendelea hadi −7 + (−5) atafika −12. Kutokana na mfululizo huo atapata pia kipimo cha kukagua kazi yake: ukijumlisha namba hasi, jibu lazima liwe dogo kuliko namba uliyoanza nayo. Kwa kuwa 12 ni kubwa kuliko −7, jibu lake lilipaswa kumshtua hata kabla ya kusahihishwa.

Mstari wa namba wenyewe anaufahamu bila shaka, kwa hiyo sitaueleza kwa kirefu: unaanzia kwenye namba ya kwanza, unasogea kulia ukijumlisha namba chanya, na unasogea kushoto ukijumlisha namba hasi. Umtazame tu anapohesabu hatua. Katika −8 + 3, wanafunzi wengi hugusa −8 na kusema "moja", −7 "mbili", −6 "tatu", wakaishia kwenye −6. Mahali pa kuanzia si hatua. Hatua ya kwanza ni ile inayomfikisha kwenye −7, na ya tatu humfikisha kwenye −5.

Hata hivyo, kwa kosa lake la pili ninaona njia ya jozi inafaa zaidi kuliko mstari, kwa sababu inaonyesha namba mbili zenye alama tofauti zinavyofutana. Msingi wake ni mmoja tu: 1 + (−1) = 0. Mchoree vidude 8 vyeusi, kila kimoja kikiwa na thamani ya −1, na chini yake vidude 3 vyekundu, kila kimoja kikiwa na thamani ya 1. Aunganishe kila chekundu na cheusi kimoja kwa mstari na kuifuta jozi hiyo, kwa kuwa jumla yake ni sifuri. Jozi 3 zitafutika na vyeusi 5 vitabaki, kwa hiyo jibu ni −5. Rangi hizo sikuzibuni mimi. Liu Hui, mwanahisabati wa China aliyeandika mnamo mwaka 263, alieleza kwamba vijiti vyekundu vya kuhesabia viliwakilisha namba chanya na vyeusi namba hasi. Baada ya michoro michache, mwonyeshe jambo lile lile kwa maandishi:

−8 + 3 = (−5) + (−3) + 3 = −5 + 0 = −5

Hapo −8 imegawanywa katika sehemu mbili, na sehemu moja imechaguliwa makusudi ili ifutane na 3. Mtoto akiweza kuandika mstari huo mwenyewe, tena kwa namba nyingine kama 4 + (−9) au −6 + 10, ameelewa kiini cha jambo.

Ndipo kanuni zitakapokuwa na maana kwake. Namba zikiwa na alama moja, hakuna kinachofutana: jumlisha ukubwa wake, yaani umbali wa kila namba kutoka sifuri, na uiache alama hiyo hiyo. Zikiwa na alama tofauti, tafuta tofauti ya ukubwa wake, kisha upe jibu alama ya ile iliyo mbali zaidi na sifuri. Tafadhali usikubali kanuni hii ya pili isemwe kwa ufupi kwamba "chukua alama ya namba kubwa". Katika −8 + 3, namba kubwa ni 3, kwa maana kila namba chanya ni kubwa kuliko kila namba hasi; mwanafunzi makini anayefuata maneno hayo neno kwa neno ataandika 5, na kosa halitakuwa lake. Kinacholinganishwa ni umbali kutoka sifuri: −8 iko umbali wa 8, na 3 iko umbali wa 3.

Kama binti yako hupendelea mfano wa maisha kuliko michoro, uko mmoja wa zamani sana. Mwaka 628 mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliandika kanuni hizi kwa kuita namba chanya mali na namba hasi deni: deni likijumlishwa na deni ni deni, na mali ikijumlishwa na deni ni tofauti yake, au ni sifuri iwapo vinalingana. Katika kujumlisha mfano huo ni thabiti. Nisingeupeleka kwenye kuzidisha, ambako deni mara deni halina maana yoyote ya kueleweka.

Akizoea namba mbili, mpe hesabu ndefu, maana hapo ndipo wengi huchoka na kupotea. Chukua −6 + 9 + (−4) + 1 + (−9) + 2. Anaweza kwenda kutoka kushoto hadi kulia na atapata jibu sahihi, lakini kwa kuwa kujumlisha hakutegemei mpangilio wa namba, ana ruhusa ya kuzipanga upya. Kwanza afute 9 na −9. Kisha akusanye chanya zilizobaki, 1 + 2 = 3, na hasi zilizobaki, −6 + (−4) = −10. Mwishoni ana hesabu moja tu, 3 + (−10) = −7. Njia hii hupunguza idadi ya mara anazobadilisha alama, na makosa mengi hutokea pale alama inapobadilika.

Atakutana na kutoa punde, na hapo maneno ya "hasi na hasi" yatarudi kumtega. Kutoa namba ni sawa na kujumlisha kinyume chake: −7 − 5 huwa −7 + (−5), ambayo ni −12, na 5 − (−3) huwa 5 + 3, ambayo ni 8. Akitilia shaka hesabu ya pili, aikague kwa kurudisha alichotoa: 8 + (−3) = 5, na 5 ndiyo aliyoanza nayo. Aone tofauti baina ya 5 − (−3), ambapo alama mbili zimefuatana bila namba kati yake, na −5 − 3, ambapo kila alama ina namba yake na jibu ni −8.

Kwa mazoezi, usimpe karatasi iliyojaa hesabu za kukokotoa tu. Mpe kwanza hesabu kumi ambazo hatakiwi kupata jibu, bali kusema tu kama jibu litakuwa chanya, hasi au sifuri, na kwa nini. Mfano 23 + (−31), −14 + (−2), −40 + 40. Kisha mpe zenye nafasi ya kujaza, kama −8 + ☐ = −2 au ☐ + (−5) = 1, ambazo majibu yake ni 6 na 6. Mwishowe mwombe aandike jozi tano tofauti za namba zenye jumla ya −4, kwa sharti kwamba kila jozi iwe na namba chanya moja. Akileta 1 na −5, 2 na −6, 3 na −7, muulize itakuwaje namba chanya ikiwa 100.