Ukuta wa chumba cha kushonea: ushauri kwa anayeanza kupamba kwa mkono

Kama ndiyo kwanza umepata chumba chako cha kushonea, kufuma au kutungia shanga, na unataka kukipamba kwa rangi unayoichanganya mwenyewe, nisikilize kabla hujachovya brashi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Chumba changu kiko uani mwa nyumba ya zamani: kuta tatu ni za mawe na lipu ya chokaa, ya nne ilijengwa baadaye kwa tofali za saruji. Nimekipaka mara tatu. Mara mbili za kwanza nililazimika kurudia, na haya ninayokuambia yametoka huko.

Anza na jambo ambalo fundi rangi hatakuambia, kwa sababu yeye hashoni. Rangi ya ukuta huangukia kitambaa. Mwanga ukiingia dirishani hupiga ukuta, kisha hurudi mezani umebeba rangi ya ukuta ule. Mara ya kwanza nilipaka kijani kibichi, nilichokipenda sana, kwenye ukuta unaoelekeana na dirisha. Nikashona gauni la harusi la rangi ya maziwa, uzi nikauchagua palepale mezani, ukaonekana umelingana kabisa. Mwenye gauni alipotoka nalo barazani, mishono yote ikajitokeza. Nilifumua na kushona upya siku mbili, na yule binti alikuwa na haki ya kukasirika.

Kwa hiyo ukuta ulio mbele ya cherehani na ule unaoelekeana na dirisha viache na weupe uliotulia. Mapambo yapeleke nyuma ya mgongo wako, au chini ya usawa wa meza. Na usipake rangi inayong'aa karibu na mashine, maana mng'ao wake huchosha macho unapotunga uzi kwenye sindano.

Mpangilio nilioupata baadaye niliutoa kwenye kanga. Kanga ina pindo linalozunguka na mji katikati. Mji wa ukuta wangu ni mtulivu, pindo ndilo lenye maneno mengi. Pindo langu linazunguka chumba kizima kwa upana wa sentimita 30, chini ya usawa wa meza, na jicho likinyanyuka kutoka kwenye kazi linapata pa kupumzika.

Sasa chokaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naipenda. Tanga ni nchi ya mawe ya chokaa, hata mapango ya Amboni yamechimbika ndani ya mawe hayohayo. Jiwe likichomwa hutoa hewa ya ukaa, likizimwa kwa maji huwa chokaa laini, na ukishaipaka ukutani huivuta tena hewa ile na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana chokaa iliyopakwa vizuri haibanduki kama ngozi ya nyoka. Ukuta wa mawe wa pwani hunyonya unyevu toka chini na kuutoa pole pole, na chokaa huuacha upite. Rangi ya plastiki, ile ya maji ya dukani, huuziba. Mara ya pili nilipaka rangi ya maji ya dukani juu ya lipu ile ya zamani, masika yakaingia, na kabla ya Juni ilikuwa imefura malengelenge tangu sakafuni hadi magotini.

Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, inayouzwa kwenye mifuko. Chokaa hai, ile isiyozimwa bado, huchemka inapokutana na maji na inaweza kukuunguza, si kazi ya mgeni. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa chokaa huila alumini. Vaa glavu na miwani ya kufunika macho. Tone likiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi palepale na usiache upesi, kisha nenda hospitali. Hili silisemi kukutisha. Nimeona jicho la kijana mmoja likivimba kwa sababu aliona miwani inamchelewesha.

Mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa. Uache ulale usiku mmoja, uchuje kwa kitambaa cha nguo kuukuu, na ukoroge kila unapochovya kwani chokaa hutuama chini. Lowesha ukuta kabla ya kupaka. Mkono wa kwanza utauona kama maji matupu na utashawishika kuongeza uzito. Usiongeze! Weupe huja ukuta unapokauka. Pisha siku nzima, lowesha tena, paka mkono wa pili, wa tatu, ikibidi wa nne. Chokaa nzito hupasuka na kuacha unga, na unga huo utaukuta kwenye kola nyeusi ya mteja. Jua kali likipiga ukuta, funga dirisha au tundika shuka lililolowa, maana chokaa ikikaushwa haraka haishiki.

Wapo wanaotia chumvi ili ishike. Mimi sitii. Chumvi huvuta maji, na hewa yetu ya baharini ina maji ya kutosha.

Rangi za kutia kwenye chokaa ndizo zilizonifundisha kwa gharama. Nilitaka manjano ya joto, nikachukua manjano ya jikoni. Ile bizari ilipokutana na chokaa ikageuka nyekundu ya matofali mbele ya macho yangu, na hata wekundu huo ukafifia kwa mwanga wa dirisha. Chokaa ni kali, rangi nyingi za mimea haziiwezi. Zinazoiweza ni rangi za udongo na za kutu ya chuma, yaani ule unga wa oksaidi wanaopakia sakafu: mwekundu, wa njano, mweusi. Ukitaka mji wa ukuta wako uwe mweupe wenye joto kidogo, chembe ya oksaidi ya njano inatosha.

Kwa pindo unaweza kukoleza, lakini usivuke gramu 100 za unga kwa kilo 1 ya chokaa kavu, ukizidisha rangi haitashika. Unga uloweke kwanza peke yake kwenye kikombe cha maji hadi uwe uji laini, ndipo uutie ndooni. Ukiutia mkavu utaacha michirizi. Rangi mbichi huonekana imekolea mno kuliko itakavyokuwa ikikauka, basi paka kipande nyuma ya mlango, lala, kaitazame asubuhi. Changanya ya kutosha ukuta mzima kwa mara moja. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza hata ukipima kwa mizani ya dhahabu.

Ukuta wa tofali za saruji, uliokwisha kupakwa rangi ya maji, haupokei chokaa vizuri. Huo nimeupamba kwa sponji. Chukua kipande cha sponji ya godoro na ukichane kwa vidole. Ukikikata kwa mkasi kitaacha pembe zilizonyooka, na jicho litaziona kila mahali. Paka rangi ya msingi, iache ikauke kabisa. Rangi ya juu izimue kwa maji kiasi sawa na rangi yenyewe, chovya sponji, kamua, gusa kwanza juu ya gazeti, kisha ukutani kwa kugonga bila kusugua, huku ukigeuza kiganja kila mara alama zisijirudie. Anzia kona ya nyuma ya mlango, mkono ukiwa bado mgeni. Ukianza ukuta umalize, usiende kula katikati, kwani mstari wa ulipoishia utaonekana daima. Na kila baada ya dakika chache rudi nyuma hatua tano utazame, sababu ukiwa karibu utaongeza na kuongeza mpaka ukuta uwe na madoa kama chui.

Kiolezo cha pindo nilikikata kwenye picha ya zamani ya eksirei, kwa wembe. Ni ngumu, haivimbi kwa maji, na unaweza kuifuta ukaitumia tena. Umbo langu ni korosho, lile la kwenye kanga. Usianze kupiga kiolezo pembeni kwa kubahatisha. Pima ukuta, gawanya. Ukuta wangu mmoja una sentimita 372 na kiolezo kina 24. Vinaingia 15 na kubaki sentimita 12, zikagawiwa kwenye mapengo yote, milimita 8 kila moja, wala hakuna anayejua. Mstari upige kwa pima maji na chaki ya fundi. Usiifuate sakafu, nyumba za zamani hazina kona iliyonyooka. Brashi iwe karibu kavu. Yule mzee mpaka chokaa jirani yetu alisimama mlangoni akanitazama nikichovya, akasema, "Mwanangu, brashi ikidondosha tone, haijawa tayari." Alikuwa sahihi: rangi nyingi hupenya chini ya kiolezo na kuharibu ukingo.

Milango ya kabati la vitambaa ni ya mbao, hapo tumia rangi ya mafuta. Nimefuata njia ya wachoraji wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'arishia baiskeli kwenye vipande vya mbao za dari, na njia yake inamfaa sana asiyejua kuchora. Piga msasa, paka msingi wa rangi moja, subiri ukauke. Chora umbo kubwa lililo wazi, ndege au samaki, ulijaze rangi moja, subiri tena. Mwisho ndiyo nukta, kwa ncha ya kijiti. Subira kati ya hatua ndiyo kazi yenyewe. Fungua madirisha, na usiache vitambaa vya wateja chumbani humo mpaka harufu ya thina iishe, kwani hariri huishika harufu hiyo siku nyingi.

Weka daftari. Andika kila mchanganyiko kwa gramu na lita, na tarehe, na ukuta gani. Hifadhi chupa ndogo ya rangi ya sponji kwa ajili ya mikwaruzo. Ya chokaa usihangaike kuiziba doa moja moja, kiraka kitaonekana. Ikichafuka, lowesha ukuta wote toka kona hadi kona na upige mkono mmoja mwepesi. Wangu naupiga kila mwaka masika yakiisha, kazi ya asubuhi moja.