Mheshimiwa Mtarajiwa, Umejibu Barua ya Shangazi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale, hapa Uganda, aliniandikia. Anataka kugombea 2031, udiwani kwanza, ubunge baadaye, aanzie wapi? Nadhani alingoja nimwambie habari za mabango na fulana. Mimi niligombea udiwani nikashindwa kwa kura 37, na namba hiyo naiota mpaka leo, kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Anza na ndugu zako. Anza na barua zao.

Nimekulia Walukuba, Jinja. Babu alivuka ziwa kutoka upande wa Musoma kuja kutafuta kazi, kabla bwawa la Owen Falls halijafunguliwa mwaka 1954. Akaoa hapa, akazikwa hapa. Dada zake walimwandikia miaka yote, na bibi akaziweka barua kwenye kopo la biskuti uvunguni. Enzi hizo stempu moja ilibeba majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda, Tanzania, na sisi watoto shida yetu ilikuwa stempu tu. Tunachana kona ya bahasha, tunailoweka kwenye beseni, stempu inabanduka polepole, tunaibandika ukutani. Barua yenyewe inaenda kuwashia sigiri. Kiongozi wa kazi hiyo nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo siasa yangu ya kwanza.

Chache zilizobaki baba alizichoma vita vya Uganda na Tanzania vilipoanza mwaka 1978. Karatasi kutoka Tanzania kukutwa nyumbani kwako wakati ule, ungejieleza nini kwa askari? Simlaumu.

Sasa njoo 2021. Kwa sababu ya korona, kampeni nyingi zilihamia redioni. Mpinzani wangu akauliza hewani, kwa sauti ya upole kabisa: huyu babu yake ni wa ukoo gani hapa? Nikatafuta kipande chochote chenye jina la babu na anwani ya Jinja. Hakuna. Ndugu wa bibi, Wasoga wa papa hapa, wangenitetea, lakini matangani kwao sikuwa nimekanyaga tangu 2012. Binamu mmoja aliniambia usoni: "Kaka, redioni tunakusikia. Msibani hatukukuona." Iliniuma, na bado inaniuma, maana mchango nilikuwa natuma kwa simu kila mara.

Mtazame Nyerere. Alisoma hapa kwetu Makerere, 1943 hadi 1945. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, alikuwa amefariki mwaka 1942. Mtemi huyo alikuwa na wake 22, na Mugaya, mama yake Julius, alikuwa mmoja wao. Utemi ukaenda kwa kaka yake Julius, Wanzagi. Mwingine angefika chuoni akaficha habari za mitala ya kwao asichekwe na wasomi wenzake. Yeye aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, na mfano wake ukawa wanawake wa Kizanaki, wale aliowaona wakitaabika tangu utotoni. Mwaka 1999 akarudi kuzikwa Butiama, kwao.

Nyinyi vijana mnajua kikosi kizima cha Arsenal mpaka wa akiba, lakini ukiulizwa mama yake babu aliitwa nani, unatazama simu. Jibuni barua. Ujumbe wa sauti wa shangazi wa dakika sita nao ni barua, usikilize mpaka mwisho, ujibu. Nenda msibani, tena usiende na mpiga picha. Andika majina ya wazee kwenye daftari wakiwa hai. Halafu jibuni barua, narudia.

Mwaka jana nilimwandikia binti wa dada yake babu, huko Musoma, kwa kalamu, nikaituma kwa basi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Anazo barua kumi na moja ambazo babu aliandika kutoka Jinja, zimefungwa kwenye kanga ndani ya sanduku la marehemu mama yake. Nikaomba anipigie picha kwa simu. Akakataa. "Njoo uzisomee hapa," ameandika, "na uje na mkeo, hatumjui."