Gata Inayovuja Kila Masika

Swali
Assalamu alaikum. Nyumba yetu imeezekwa mabati, na gata yake, ya mabati pia, ndiyo inayotupelekea maji ya mvua tangini. Kila masika huvuja pale vipande viwili vinapoungana, na maji hutiririka ukutani hata lipu imeanza kubanduka. Fundi amepaka silikoni mara mbili, na mara zote haikumaliza mwezi. Je, ninunue gata mpya?
Mama mwenye nyumba, Majengo, Mombasa

Jibu
Waalaikum salaam, mama. Usinunue bado. Silikoni inapobanduka mara mbili mahali pamoja, aghalabu kasoro haiko kwenye silikoni peke yake. Siku ya jua, fundi apande ngazi iliyoshikwa na mwenzake, azoe majani, mchanga na vijiti vya kunguru, kisha amwage ndoo ya maji upande ulio mbali na bomba la kuteremshia. Maji yakituama kwenye kiungo, tatizo lenu la kwanza ni mteremko, na hakuna gundi itakayodumu mahali ambapo maji hulala siku nzima. Isitoshe, hapo ndipo mbu wa homa ya chikungunya hutaga. Gata ishuke kama sentimita 1 kwa kila mita 2, jambo linalopimwa kwa uzi uliovutwa kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na vishikio visiachane zaidi ya mita 1. Ubao unaovibeba ukiwa umeoza, ubadilishwe kwanza.

Kiungo chenyewe kinataka subira, na hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kumaliza. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, zinki inayolifunika bati huisha na kutu huanza. Silikoni iliyopakwa juu ya kutu imeishika kutu, haikulishika bati, kwa hiyo kutu ikibanduka nayo huondoka. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, bati lisuguliwe kwa brashi ya waya, lioshwe kwa maji matamu na kuachwa likauke kabisa, ndipo lipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kwa kuwa maji haya mnayatumia, sisitiza dukani upewe rangi isiyo na madini ya risasi. Silikoni inayonuka kama siki hula zinki, basi itafutwe ile isiyo na harufu hiyo, ipakwe katikati ya vipande vinapopandana, si juu tu, na kipande kinakotoka maji kilale ndani ya kile kinachoyapokea.

Tundu dogo hufunikwa kwa kiraka cha bati la aina ileile. Shaba isitumike, kwani ikikutana na zinki penye maji ya chumvi, zinki ndiyo inayoliwa. Lakini bisibisi ikipenya bati kwa kusukumwa kidogo tu, kipande hicho kimekwisha na kikatwe.

Bomba la tangi liondolewe mpaka silikoni ikauke vizuri, na maji ya mvua ya kwanza baada ya matengenezo yamwagwe.

Kuhusu ukuta, usipige lipu upya kabla haujakauka. Kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, irudishiwe chokaa, kwa sababu saruji huuzuia unyevu usitoke na lipu itabanduka tena hata gata ikiwa nzima.