Ua la pasheni kwa picha 12: kurundika fokasi katika nuru ya asubuhi, Kigoma

Ukipiga ua kwa karibu, kitu kimoja hukupa shida kila mara: ukiipata ncha ya mbele, petali za nyuma zinafifia, ukizipata petali, ncha inageuka ukungu. Wengi hukimbilia kubana tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikikua, tundu linapungua). Eneo kali linaongezeka kweli, lakini nuru inayopenya kitundu kidogo hivyo hutawanyika, na picha nzima inapoteza ukali kama imepigwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Dawa yake ni kurundika fokasi. Unapiga ua lilelile mara kadhaa, kila mara fokasi (mahali picha ilipo kali) ikiwa imesogea kidogo, kisha programu inachagua sehemu kali za kila picha na kuziunganisha ziwe moja.

Ila programu haiwezi kuokoa ua lililotikisika. Ndiyo maana saa ya kupiga ina uzito kuliko bei ya kamera, na kwa hilo Kigoma imejaliwa. Tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, hivyo jua huku hutoka takriban dakika 40 baadaye, kwenye saa 1 asubuhi hivi. Tena linatokea upande wa vilima, kwa kuwa ziwa liko machweo. Bustani iliyo chini ya kilima inabaki kivulini huku anga tayari limeng'aa, na nuru inalifikia ua kutoka pande zote, bila kivuli kikali na bila kuunguza weupe wa petali. Upepo nao: usiku hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka ukapanda kutoka ziwani. Piga kabla haujageuka. Kiangazi, Mei hadi Septemba, kusi huvuma kwa nguvu, kwa hiyo tafuta ua lenye ukuta au nyumba upande wa kusini. Msimu wa mvua, siku ya wingu tupu, unaweza kupiga hata saa 4.

Chukua ua la pasheni ya zambarau. Linafaa kwa sababu lina kina: stigma tatu juu (sehemu za kike zinazopokea chavua), stameni tano chini yake (sehemu za kiume zenye chavua), kisha duara la nyuzi nyembamba nyeupe zenye kitako cha zambarau, na petali nyuma ya vyote. Hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. (Pasheni ya njano hufunguka kuelekea adhuhuri, nuru ikiwa mbaya kabisa, kwa hiyo hiyo isubiri siku ya mawingu.) Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ua likishachanua, zile stigma husimama wima kwanza, halafu zinajikunja taratibu kushuka kuelekea stameni. Ukipiga wakati zinashuka, picha ya kwanza na ya mwisho hazitalingana hata kama hakuna upepo. Zitazame kwanza, zikishatulia ndipo uanze.

Funga kamera kwenye tripodi na zima kitulizi cha lenzi (kile kinachopunguza mtikisiko). Weka kila kitu kwa mkono: f/8, ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi nuru), shata sekunde 1/60 au 1/125 kadiri nuru inavyoruhusu, na waiti balansi (mpangilio wa rangi ya nuru) kwenye alama ya kivuli. Ukiacha kamera ijiamulie, kila picha itatoka na mwanga wake na rangi yake, na programu itakupa petali zenye mabaka. Tumia taimeri ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Shina lishikilie kwa kijiti cha mshikaki na kibanio cha nguo, chini, nje ya picha. Kama udongo ni mwekundu, tandika kiroba cheupe chini ya ua, la sivyo wekundu utapanda hadi upande wa chini wa petali.

Sasa hesabu. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea nuru) ya APS-C, ukubwa wa kamera nyingi za kawaida, ua la sentimita 6 likijaza sehemu kubwa ya picha, f/8 inakupa takriban milimita 6 tu zilizo kali. Sogeza fokasi milimita 4 kila hatua ili picha zipandane kwa theluthi. Ua lenye kina cha sentimita 3 linataka picha 8. Ongeza moja mbele ya ncha na mbili au tatu nyuma ya petali, unafika 11 au 12. Lenzi ya kawaida ya milimita 18-55 inatosha kwa kazi hii. Kuza picha kwenye kioo cha nyuma mara 10, anzia sehemu iliyo karibu nawe, zungusha pete ya fokasi kidogo kidogo kuelekea nyuma, usirudi. Wenye simu za Android wajaribu Open Camera, ina sehemu ya kusogeza fokasi yenyewe kwenye simu zinazoikubali.

Acha nafasi tupu pembeni, kama sehemu moja ya kumi kila upande. Fokasi ikisogea, ukubwa wa ua nao hubadilika kidogo, na programu ikilinganisha picha itakata kingo.

Jua likikuwahi, tandaza chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili juu ya ua, kwenye fimbo, kisiguse mmea. Cha bluu usikitumie kabisa. Petali nyeupe zitachukua rangi yake. Nyuki akitua, msubiri aondoke, kisha anza mfululizo wote upya, maana atabaki kama mzimu wenye mabawa manne.

Kwenye kompyuta, Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia. Hugin ni ya bure, na vifaa vyake align_image_stack na enfuse vinafanya kazi hii. Faili la TIFF (picha isiyobanwa) la biti 16 kutoka kamera ya megapikseli 24 hufika MB 144, kwa hiyo kama mashine yako ni dhaifu tumia JPEG (picha zilizobanwa) za ubora wa juu. Kwa nyuzi za pasheni zinazopishana, ndani ya Zerene chagua PMax, moja ya njia zake mbili za kuunganisha picha. Ile nyingine, DMap, hutunza rangi vizuri zaidi lakini hukosea pale uzi mmoja unapopita mbele ya mwingine.

Kagua matokeo kwa ukubwa kamili. Ukiona ukungu mwembamba unaozunguka stigma, ni kwa sababu stigma ikiwa nje ya fokasi hutanuka na kufunika petali iliyo nyuma yake. Rudi kwenye picha ambayo petali ile ni kali, uipake hapo kwa brashi ya programu. Ukiona vidoa vidogo vimepangana kama nyayo za sisimizi, ni vumbi kwenye sensa: kila picha imesogezwa kidogo, na doa moja limekuwa 12. Safisha sensa kabla ya kutoka kesho.