Kuomba ruhusa ya picha mitaani Tanga: ninavyofanya mimi

Tanga humvamii mtu na kamera kabla ya salamu. Utaambiwa papo hapo, tena mbele za watu: "Binti, hata shikamoo hakuna?" Ukishaambiwa hivyo, hata upige magoti, picha umeikosa. Mimi napiga picha za watu mitaani, Ngamiani, Makorora, huko Deep Sea kwenye soko la samaki, na vijana wanaoanza huniuliza wanunue lenzi gani. Lenzi nitaigusia. Ila wengi ninaowaona wanakwama kwenye zile sekunde chache za kumkabili mtu wasiyemjua, basi nianzie hapo.

Teremka kwenye baiskeli. Mji huu unatembea kwa baiskeli, na ni rahisi sana kusimama mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, ukaanza kuomba. Mtu anakuona una haraka, na mwenye haraka haaminiki. Kamera iache ining'inie ubavuni, kifuniko cha lenzi kikiwa mahali pake. Mkubwa mpe shikamoo na usubiri marahaba yake. Kwenye baraza la wazee wa kahawa toa salamu ya wote, "Asalaam aleykum", kisha mgeukie aliyekuzidi umri zaidi. Hapo utaulizwa wewe wa wapi, na pengine mtoto wa nani. Usijibu kwa mkato. Taja mtaa, taja na ukoo ikibidi. Kama umehamia, sema umehamia. Mimi huagiza kahawa na kashata nikakaa. Haipiti muda mzee mmojawapo anauliza, "Na hiyo kamera ya nini?" Swali likitoka kwao, kazi imepungua nusu.

Nusu iliyobaki ni swali ambalo kila mtu analo hata asipolitamka: picha inakwenda wapi? Siku hizi watu wamewaona jirani zao wakigeuzwa stika za WhatsApp. Mama mmoja muuza vitumbua aliniambia wazi, "Piga, lakini nikijiona kwenye stika nitakufuata hadi kwenu." Alikuwa anacheka, ila kile kijiti cha kugeuzia vitumbua alikuwa amekielekeza kwangu. Kwa hiyo jibu liwe tayari, liwe fupi, na liwe la kweli. Kama unajifunza tu, sema unajifunza na picha itabaki kwako. Kama utaiweka Instagram, sema Instagram, na umwonyeshe ukurasa wenyewe. Kama unatarajia kuiuza, hilo ndilo la kusema mwanzo kabisa, na nitalirudia chini. Usijifanye mwandishi wa habari. Pale Deep Sea vijana watakuuliza, "Dada, wewe wa TV gani?" na inashawishi kuitikia tu, maana njia inafunguka. Ikifunguka kwa uongo itakuja kufungwa siku yoyote, na utaifungiwa wewe na wenzako watakaokuja na kamera baada yako.

Kitu kilichonisaidia kuliko maneno ni kialbamu kidogo cha picha zilizosafishwa, zile za watu waliokubali zionyeshwe. Nakibeba kwenye mkoba. Simu wanaiona kila siku. Karatasi wanaishika, wanapokezana, wanatafuta nani wanamjua. "Huyu si yule wa barabara ya kumi?" Akishamtambua mtu wake humo ndani, anajua picha zangu zinafananaje na kwamba simdhalilishi mtu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaudhi wapiga picha wengi, nami nalipenda kuliko yote. Ukimwomba mtu, anabadilika. Kuna fundi baiskeli Ngamiani ambaye nilimkuta ameinama juu ya karai la maji, anazungusha tyubu kidogo kidogo akitafuta mahali pancha ilipo, vidole vyeusi kwa grisi, mapovu yanapanda mstari mwembamba. Picha ilikuwa pale. Nikamwamkia, nikaeleza, akakubali bila shida. Halafu akainuka, akanawa mikono kwa sabuni ya unga hadi viwiko, akaingia ndani, akatoka na shati jeupe na kofia, akasimama mbele ya mlango kama anapigwa ya pasipoti. Mapovu yamekwisha, tyubu imelala.

Mpiga picha wa haraka atasema hapa ruhusa imeharibu picha. Mimi nasema mpige hivyo hivyo alivyojiandaa, na umpige kwa moyo wote. Mtafutie kivuli kizuri, mwambie ageuke kidogo, mnyooshee kola. Hiyo ndiyo picha yake. Watu wa pwani wamezoea picha ya aina hiyo tangu enzi za studio. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu walikuwa wakienda wamevaa, wametulia. Kule Bamako, Mali, mpiga picha Seydou Keïta alifungua yake mwaka 1948, na wateja wake walikuja na nguo walizozitaka wenyewe, wengine wakaazima saa, redio au skuta yake wapigwe navyo. Leo picha za Keïta zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Mtu kutaka aonekane vizuri si kikwazo cha sanaa.

Ukishampiga, mwonyeshe kwenye kioo cha kamera. Akiridhika, omba la pili: "Mzee, naweza kukaa hapa nikupige na ukiwa kazini?" Yule fundi alisema nikae nitakavyo, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akarudi kwenye karai. Baada ya muda alishanisahau, anagombana na mteja juu ya bei ya kuziba. Ile ya tyubu niliipata, na shati jeupe lilikuwa limeshaloa kiwiko. Sikuiiba.

Kuhusu lenzi basi. Natumia milimita 35. Kwa lenzi hiyo ukitaka mtu aonekane nusu mwili lazima usogee mita moja au moja na nusu, na umbali huo huwezi kuwa na mtu hujamsalimia. Zile ndefu za milimita 200 zinakuruhusu kumpiga aliye ng'ambo ya barabara bila yeye kujua, ndiyo maana kwa kazi hii sizitaki. Najua wapo wanaobishana nami, na wana mfano mzito: Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipita mitaa ya dunia nzima akipiga kimyakimya, kamera yake ya Leica ameifunika kwa utepe mweusi isimetemete. Picha zake ni nzuri mno. Lakini wengi aliowapiga hakuwa na haja ya kuonana nao tena, na mimi yule mama wa vitumbua nitamkuta kesho asubuhi.

Siombi ruhusa kwa kila kitu, nisije nikaonekana mtakatifu. Watu wakipita jioni na baiskeli, jua liko nyuma yao na sura hazionekani, napiga. Umati uwanjani Mkwakwani siku ya mechi, napiga. Kuna na wakati jambo linatokea mara moja na ukisubiri limekwisha. Hapo napiga, kisha namfuata mwenyewe saa hiyo hiyo, namwonyesha na kumwuliza. Akisema futa, nafuta mbele yake. Na kama ni simu, ingia kwenye folda ya vilivyofutwa uitoe na huko pia, maana simu nyingi huitunza hapo kama siku 30. Vijana wa siku hizi wanalijua hilo na watakuangalia kidole.

Kukataliwa kwenyewe Tanga mara chache kutakuja kwa neno "hapana". Watu wa hapa hawapendi kukuvunja moyo usoni. Utasikia "Inshallah, siku nyingine", au "Leo sijapendeza mie", au "Ngoja mwenye duka aje". Dada atavuta mtandio hadi mdomoni, acheke, ageukie ukutani. Hizo zote zichukulie ni hapana. Yule wa "sijapendeza" anaweza kuwa anataka kubembelezwa mara moja, na utamjua kwa macho: bado anaangalia kamera. Bembeleza hiyo mara moja basi. Ukiendelea, atakubali kwa aibu na picha itaonyesha aibu hiyo.

Kwa akina mama napata nafuu kwa kuwa ni mwanamke, sikatai. Kaka zangu mna kibarua kigumu zaidi na mkikubali. Usimwendee mwanamke aliye peke yake. Mwendee akiwa na wenzake au mahali pa biashara yake, na usimame upande ambao kila mtu anakuona. Na kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: omba mikono tu. Mikono inayosuka ukili wa mkeka, inayokuna nazi kwenye mbuzi, inayomwaga unga wa vitumbua kwenye kikaango. Aliyevaa nikabu na asiyetaka sura yake mtandaoni anaweza kukubali hilo kwa furaha, na mara nyingine ndiyo picha bora kuliko ya uso. Ila ile hina na pete pia zinamtambulisha mtu kwa wanaomjua, kwa hiyo hata mikono naomba.

Watoto ni kinyume cha watu wazima, wao ndio watakaokuomba. "Dada nipige! Nipige na mie!" watajaa mbele ya lenzi hadi usione mtaa. Wapige wafurahi, waonyeshe. Lakini ruhusa ya kuitoa picha ile nje haiko kwao, iko kwa mama yao, na mama yuko hapo hapo ndani anapika; piga hodi. Waliovaa sare ukiwataka shuleni kwao, nenda kwa mwalimu mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Mimi si mwanasheria na nisingependa kuwatisha watu na vifungu, lakini hata Katiba yetu, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha yake, kwa hiyo anayekukatalia pale mtaani hakuonei.

Pesa. Silipi picha ya kawaida ya mtaani, na nasema hivyo bila kona mtu akiuliza. Nikikaa kwenye samaki nanunua samaki, nikikaa kwenye vitumbua nakula vitumbua; ninanunua kwa sababu nataka kula, na nanunua hata kwa aliyenikatalia. Ikiwa picha itaniingizia pesa, tuseme hoteli inataka ya kutundika au kampuni inataka ya kalenda, hapo hadithi ni nyingine: narudi kwa mwenyewe, namwambia ni shilingi ngapi, tunakubaliana fungu lake, na tunaandikishana kwenye karatasi, saini au dole gumba, kwa Kiswahili anachokielewa. Najua mtu ambaye aliona uso wa baba yake kwenye bango la biashara bila baba kuambiwa kitu. Ugomvi wake haukuishia kwa mwenye bango. Mtaa mzima ule kwa muda mrefu ulikuwa hautaki kuona kamera.

Ukipanga kurudi mahali pamoja mara nyingi, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, na huko kwenye samaki kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Ni dakika chache tu na zinakuokoa na maswali ya kila siku. Ukiwa Deep Sea angalia pia nyuma ya mtu wako kuna nini: bandari, polisi, askari na mitambo yao usivielekezee kamera, hata kama shabaha yako ni mpara samaki na magamba yake.

Mwisho, kumpelekea mtu picha yake. Hapa ndipo sisi wapiga picha tumejiharibia jina, karibu kila mzee atakwambia, "Walikuja wengine, wakasema wataleta, mpaka leo." Kama huna nia ya kupeleka, usiahidi. Mwenye simu ya WhatsApp mtumie kabla hujaondoka. Mwenye kitochi msafishie. Safisha mbili, kwa sababu moja itachukuliwa na binti yake aliyeko Dar. Na kwenye daftari usiandike jina tupu. Andika barabara, upande wa kulia au wa kushoto, jirani ni nani, na jina la utani ambalo mtaa unamwita. Ukifika Ngamiani na bahasha mkononi ukamwulizia Mzee Omari, utaitiwa sita, na kila mmoja atataka kuiona hiyo picha kwanza kabla hajakubali kwamba si yeye.